Nani Anasoma Michoro ya Mtoto Asiyesema?

Mhadhara uliotolewa Nangwa, wilayani Hanang, mbele ya wazazi, walimu na viongozi wa kata



Nimeitwa niseme habari za sanaa na watu wenye usonji. Naomba nianzie kwenye ulimi, maana hili ni eneo la watu wanaojua kusema. Wairaqw mnayo slufay, ile dua ndefu yenye mapigo ya ushairi. Mzee anaitoa, waliokaa wanaitikia, na anayeimudu anajulikana hadi vijiji vya mbali. Kwa Wadatoga nako shauri halimalizwi kwa mtu mmoja kupiga meza. Wazee hukaa chini ya mti, kila mmoja akapewa nafasi mpaka maneno yaishe. Posa ni maneno, mahari ni maneno, mpaka wa shamba ni maneno. Sasa katika jamii ya namna hii anazaliwa mtoto, anafika miaka 6, miaka 8, hajamwita mama. Au anasema, lakini anachosema ni tangazo la redio alilolisikia juzi, neno kwa neno, na ukimuuliza "Jina lako nani?" anakujibu "Jina lako nani?" Huyo tunampa nafasi gani penye maneno?

Jibu mnalijua, ingawa si zuri kulitamka mbele ya wageni. Wengi wanafichwa. Wageni wakija, mtoto anaingizwa chumba cha ndani. Wapo wanaofungwa kamba kiunoni ili mama apate kwenda shamba, na simlaumu mama huyo, kwa sababu hakuna aliyempa njia nyingine. Majirani watasema karogwa. Shangazi atasema upande wa mume ndiko ilikotoka. Na mwalimu, mwenye wanafunzi 90 darasani, atasema huyu mlete mwakani.

Niseme upesi usonji ni nini, kisha nirudi kwenye jambo langu. Ni tofauti katika namna ubongo unavyokua, na huonekana tangu miaka ya mwanzo ya mtoto. Hauambukizi. Hauletwi na laana, wala malezi mabaya, wala chanjo. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Marekani, Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 wa aina hii, na mwaka uliofuata Hans Asperger akaandika za wengine huko Vienna. Tangu hapo dunia imekuwa na jina la kitu ambacho bila shaka kilikuwepo zamani sana. Mwenye usonji anaweza asiseme kabisa, na mwingine akasema mpaka ukachoka. Wengi hupenda mambo yaende vilevile kila siku, na wengi husikia, huona au huhisi mguso kwa ukali kuliko sisi: sauti ambayo kwako ni kelele tu, kwake ni maumivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Hanang, kwa sensa ya mwaka 2012, ilikuwa na watu 275,990. Chukueni kalamu mgawanye: wanapatikana zaidi ya 2,000. Sisemi nimewahesabu, na hesabu ya dunia haishuki Hanang kama ilivyo. Lakini hata wangekuwa robo ya hao, je, mnawajua wako nyumba zipi?

Sasa nije kwenye sanaa, na nije kwa mfano ninaoujua kwa karibu. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nimesomea Patandi kule Arusha. Niliwahi kuwa na mwanafunzi, jina lake naliacha, mvulana wa miaka 9 au 10 ambaye hakuwa akisema. Kila siku alichukua kipande cha mkaa jikoni akachora ukutani mashine ya kusaga. Mama anafuta, yeye anachora. Tukaona tumwokoe mama na kazi ya kupaka ukuta, tukampa karatasi za mifuko ya saruji, zile za kaki, tulizozikung'uta na kuzikata. Akachora mashine ileile: banda la bati, injini, magurudumu mawili, bomba la moshi, na mfuko wa kitambaa unakotokea unga. Hakuna mtu hata mmoja katika picha. Sisi watu wazima tukaangalia siku tatu za kwanza, tukasifu, kisha tukazoea. Tulisema, si ndiyo ugonjwa wenyewe huo, kurudia kitu kimoja.

Aliyegundua ni mama yake, na aligundua siku aliyotaka kuwashia moto karatasi zile. Alizitandaza mkekani azipange, akaona jambo ambalo mimi, mwenye cheti, sikuliona. Katika karatasi nyingine mkanda wa mashine ulikuwa umefungwa kutoka gurudumu hadi gurudumu. Katika nyingine mkanda ulikuwa umetundikwa kwenye msumari. Akaanza kukumbuka siku. Njia ya kuja shuleni ilipita mbele ya mashine. Siku ambazo mashine ilisaga, mtoto alijitupa chini kabla ya kona, akaziba masikio, akapiga kelele, na mara nyingine akachapwa kwa ukaidi. Siku ambazo mashine imelala, alipita kimya. Alikuwa anachora habari za siku. Mkanda umefungwa: leo nimeumia. Mkanda uko msumarini: leo nimepita salama. Alikuwa amesema jambo hilo kila siku kwa miezi, waziwazi, na kwa mchoro safi, na hakukuwa na msomaji.

Wakabadili njia, wakawa wanapita nyuma ya makaburi. Lakini kilichofuata ndicho kinachonifanya nisimame hapa leo. Baada ya muda mvulana yule akaanza kumpelekea mama karatasi asubuhi kabla ya kutoka, ina magurudumu mawili na haina mkanda popote. Anampa mama penseli. Mama achore mkanda pale ulipo. Yaani anauliza: leo mashine inafanya kazi au haifanyi? Mtoto aliyeandikwa kwenye faili kuwa hawasiliani alikuwa ametunga swali, tena swali la adabu, lenye nafasi ya kujibiwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tunapozungumza sanaa na usonji tunapenda kuuliza mtoto anaweza nini. Mimi nauliza sisi tunaweza nini. Mchoro, wimbo, shanga, sanamu ya udongo, vyote hivyo vinaweza kuwa usemi wa mtu ambaye ulimi wake umekataa, lakini usemi unahitaji mtu wa kuusikiliza, na kazi hiyo ni yetu. Tena watu wa hapa hamna udhuru. Nchi hii kati ya Mbulu na Hanang ni mahali pa ajabu: Kiiraqw ni cha ukoo wa Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti, Kinyaturu na Kirangi ni vya Kibantu, na kule Yaeda Chini wako Wahadzabe ambao lugha yao haifanani na hizo zote. Mnadani mnakutana. Kabla Kiswahili hakijafika kila boma, watu waliuziana mbuzi, chumvi na shoka kwa vidole, kwa macho, kwa kuchora mstari mchangani. Babu zenu walielewana na mtu wasiyejua neno lake hata moja. Itakuwaje mshindwe kuelewana na mtoto wa nyumbani?

Nihadharishe jambo moja mapema, maana najua wapo watakaotoka hapa wakisema mwalimu kaja na dawa. Sanaa si dawa ya usonji. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapa utafiti uliofanyika katika nchi 9 kwa watoto 364 wenye usonji, wa kuanzia miaka 4 hadi kukaribia 7. Nusu yao walipewa tiba ya muziki pamoja na huduma za kawaida, nusu wakapewa huduma za kawaida peke yake. Baada ya miezi mitano, ukali wa dalili haukutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Wako waliovunjika moyo kwa matokeo hayo. Mimi hayakunivunja, kwa sababu sijawahi kumpa mtoto ngoma ili apungue usonji. Nani kati yetu aliimba kwaya ili apunguziwe dalili? Unaimba kwa sababu una la kuimba. Yule mvulana wa mashine aliendelea kuziba masikio na hata leo anaziba. Kilichobadilika ni kwamba hachapwi.

Turudi kwenye ile tabia ya kurudia, kwa kuwa ndiyo wazazi wanayoilalamikia kuliko zote. "Mwalimu, anachora basi tu. Basi, basi, basi." Sawa. Mnamfahamu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1972, alipigwa risasi na polisi akafa. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Nendeni mkawaone waliowafuata. Mtu anachora twiga yuleyule, tembo yuleyule, ndege yuleyule mwenye mkia mrefu, mwaka hadi mwaka, na tunamwita fundi, na picha yake inapanda ndege kwenda Japani. Mtoto wako akichora basi lilelile tunamwita mgonjwa. Sitaki kusema ni kitu kimoja. Mchoraji wa Tingatinga anarudia kwa sababu soko linataka, na mtoto anarudia kwa sababu moyo wake unataka. Lakini ninachojua kwa miaka ya kukaa nao ni kwamba ukiangalia basi la leo na la jana kwa jicho la kutafuta tofauti, utaikuta. Taa moja imezimwa. Konda hayupo mlangoni. Ubao wa mbele ulioandikwa Singida sasa umeandikwa Babati. Muulize, au mwonyeshe kwa kidole, halafu ungoje.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao nao unadhuru, nao ni hadithi za maajabu. Mtasikia habari za Stephen Wiltshire, aliyezaliwa London mwaka 1974, mtoto mwenye usonji ambaye hakuwa akisema. Walimu wake waliona anapenda kuchora kuliko chochote, wakamwondolea vifaa ili alazimike kuviomba, na neno lake la kwanza likawa la kuomba karatasi. (Mbinu hiyo binafsi siipendi. Kumnyang'anya mtu ulimi wake mmoja ili atumie mwingine ni jambo la kufikiria mara mbili.) Alipokua akawa mchoraji mashuhuri. Mwaka 2005 alirushwa kwa helikopta juu ya Tokyo, kisha akauchora mji ule kwa kumbukumbu kwenye karatasi ya urefu wa mita 10, nyumba kwa nyumba. Leo ana duka lake la picha katikati ya London.

Ni habari ya kweli, na ni nzuri. Ubaya wake ni kwamba mzazi wa Nangwa akiisikia anarudi nyumbani kumtazama mwanawe, na asipoona Tokyo anaona hakuna kitu. Watu kama Wiltshire ni wachache mno, hata miongoni mwa wenye usonji. Na kipaji chenyewe kina njia zake. Huko Uingereza alikuwepo pia msichana aitwaye Nadia, ambaye mwanasaikolojia Lorna Selfe aliandika kitabu juu yake mwaka 1977. Akiwa na miaka mitatu na nusu alichora farasi wanaokimbia, kwa mistari ambayo mtu mzima aliyesomea asingeifikia, na maneno hakuwa nayo karibu yoyote. Akafundishwa kusema, akapata maneno kiasi, na ule uchoraji ukafifia. Wataalamu bado wanabishana sababu. Mimi nawauliza wazazi: kama angekuwa wako, ungechagua farasi au maneno? Nimeuliza swali hilo mara nyingi, na akina mama huniangalia kama mtu asiye na watoto.

Kwa kuwa nimemtaja Nadia, niwachukue njiani kidogo. Ukifika Babati ukaelekea kusini, barabara ya Kondoa, unapita Kolo, na pale milimani iko ile michoro ya mapangoni ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951: watu warefu wembamba, twiga, swala, rangi nyekundu. Sasa mwaka 1998 Mwingereza Nicholas Humphrey alilinganisha farasi wa Nadia na michoro ya mapango ya Ulaya, akasema pengine waliochora mapangoni hawakuwa na lugha kama yetu, kwa kuwa huyu mtoto asiye na lugha anachora vilevile. Hoja hiyo siimezi yote. Wahadzabe na Wasandawe wana lugha tele, na hakuna ajuaye aliyechora Kolo alikuwa akisema nini wakati ule. Lakini inanipendeza kwa jambo moja: imewalazimisha wasomi wamtazame mtoto asiyesema kama mtu anayejua kitu wasichokijua wao.

Basi, tufanye nini hapa, pasipo helikopta na pasipo duka la rangi? Vifaa si tatizo kama tunavyodhani. Karatasi za saruji nimeshazitaja, maboksi ya sabuni na ya biskuti yanakatika vizuri, mkaa upo, udongo mwekundu upo hadi unakera. Kuna watoto hawavumilii kushika chaki, vumbi lake linawatesa mikononi, hao wape kijiti na mchanga wenye majimaji. Wavulana wa hapa wanajua kutengeneza magari ya waya yenye matairi ya kandambili kuukuu. Mtoto mwenye usonji anayependa magari mkalishe karibu na wale mafundi, na usiwaambie wamfundishe. Wamwache aangalie. Na kwa asiyesema kabisa, ziko kadi za picha. Mwaka 1985 Wamarekani wawili, Andy Bondy na Lori Frost, walibuni utaratibu wa kumfundisha mtoto kumpa mtu picha ili apate kitu: anatoa picha ya kikombe, anapewa maji, papo hapo. Kadi zao zinauzwa kwa dola. Ninyi chukueni boksi, chora kikombe, choo, kitanda, ugali, mbuzi, bibi. Ni afadhali zaidi ikiwa mtoto mwenyewe au kaka yake ndiye aliyechora, maana kikombe cha kadi za Marekani hakifanani na kikombe chenu cha bati, na mtoto huyu anajali tofauti hiyo kuliko mnavyojua.

Walimu, nanyi nina neno. Mtaala mpya wa mwaka 2023 umeipa sanaa na michezo nafasi yake katika shule ya msingi. Ninajua kipindi hicho kinavyotumika mahali pengi: hisabati ya marudio, au watoto kwenda kuteka maji. Mkikirudisha kwa darasa zima, mtakuwa mmemsaidia mtoto mwenye usonji bila kumtenga, kwa sababu hicho ndicho kipindi pekee ambacho hatashindwa kwa kutojibu maswali kwa mdomo.

Upande wa riziki niuingie kwa tahadhari, kwa kuwa hapo watu hufurahi haraka. Tanzania ina mifano ya karakana za watu wenye ulemavu zinazofanya biashara ya kweli. Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ikiwa na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ikakua ikaajiri watu zaidi ya 100. Arusha kuna Shanga, wanaoyeyusha chupa zilizotupwa wakatengeneza glasi na shanga, wanafuma na kushona, na wengi wa mafundi wake ni watu wenye ulemavu. Nilichojifunza kwa kuziangalia karakana hizi ni kwamba mteja harudi mara ya pili kwa huruma. Anarudi kwa sababu kikombe hakikuvuja.

Lakini kiziwi na mwenye usonji hawahitaji mahali pa kazi pa namna moja. Kiziwi anaweza kufurahia karakana ya watu 30 wanaopiga nyundo. Mwenye usonji pengine anahitaji kona, ukuta mbele yake, kazi ileile, saa ileile, na mtu mmoja tu wa kumpa maelekezo. Hivyo nisingependa tujenge jengo kubwa hapa tuliandike jina kwa rangi ya bluu. Afadhali meza moja nyumbani kwa fundi aliyepo. Hanang tunao mafundi wa ngozi, wa shanga, wa bangili za shaba. Wanawake wa Kidatoga wanashona vazi la ngozi ya vipande vyembamba kwa uvumilivu ambao mimi sina. Kazi ya namna hiyo, yenye mpangilio usiobadilika na vidole vinavyojua kinachofuata, wako vijana wenye usonji watakaoipenda kuliko mtu yeyote. Na wako watakaoichukia, wasioweza kugusa ngozi hata kwa kulazimishwa. Msije mkasema mwalimu alisema wote washone shanga.

Hapo kwenye shanga nina jambo la kuudhi kidogo. Zamani wasichana wa Kiiraqw walipokuwa ndani katika marmo, ule unyago ulioachwa wakati wa ukoloni, walishona sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga, kazi ya ajabu. Baadhi ya sketi hizo ziko leo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kwenye kadi ya maelezo jina la kabila lipo. Jina la msichana aliyeshona mara nyingi halipo. Sitaki tulirudie hilo kwa watoto hawa. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda aliyebuni kazi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, na haikuweka sharti kwamba awe anajua kusema. Mtoto asiyesema ni mwenye kazi kisheria. Kwa hiyo mgeni anayekuja kupanda Mlima Hanang akitaka kununua picha, iandikwe jina la aliyeichora, iandikwe kwenye daftari bei na tarehe, na mtu wa pili asiye mzazi aweke sahihi. Msikasirike, wazazi. Mimi pia ni mzazi, na najua ada ya mdogo wake inavyoweza kuila fedha ya kaka asiyeweza kuuliza iko wapi.

Na picha isiuzwe kwa kuandikwa juu yake kwamba mchoraji ni mgonjwa, maskini, msaidieni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika Ibara ya 30 kwamba watu hawa wapewe fursa ya kukuza ubunifu wao kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii. Jamii itajirishwe na wao! Mwandishi wa kifungu kile alikuwa na akili. Mheshimiwa Diwani, hapo naomba unisikilize wewe hasa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Katika ile asilimia 2, mtu mwenye usonji huonekana mara chache, kwa sababu fomu inadhani mwombaji atakuja ofisini, atakaa kwenye benchi penye watu 40, na atajieleza. Nani wa kata hii atakwenda naye?

Nisisahau mabinti. Wavulana wenye usonji tunawaona upesi kwa kuwa wanavunja vitu. Msichana mwenye usonji anakaa pembeni, hasemi, anapanga mawe kwa ukubwa, na tunamsifu ana adabu. Anafika kuolewa hajawahi kutambuliwa, na mateso yake yanaanzia huko. Mkiona binti mtulivu kupita kiasi, anayeshona au kusuka kitu kimoja saa tano bila kuinua kichwa na kulia ukimgusa bega, mpelekeni akaonwe. Haydom, ile hospitali ya Walutheri iliyoanzishwa mwaka 1955, iko huko Mbulu. Hata hapo safari ni ndefu, sikatai.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliposhuka kutoka mlimani juu ya Katesh, watoto wengi waliyaona yasiyosahaulika. Waliosema walisema, wakalia, wakabembelezwa. Wapo wasioweza kusema walioyaona yaleyale. Kama nyumbani kwenu yuko mmoja, na tangu wakati ule anachora kitu cha kahawia kinachojaza karatasi yote, usiifute.

Kuna swali ambalo wazazi huniuliza mwishoni, watu wakishatoka, kwa sauti ya chini: mwalimu, nikifa huyu ataangaliwa na nani? Sanaa hailijibu swali hilo lote. Mtoto wa kwanza kati ya wale 11 wa Kanner, Donald Triplett, aliishi katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, hadi alipofariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Alifanya kazi benki, alicheza gofu, alisafiri peke yake nchi nyingi, na watu wa mji wake walimzoea na kumlinda. Tuseme na hili, benki ilikuwa ya familia yake. Sisi benki hatuna. Mji mdogo tunao.

Kwa hiyo, Mtendaji wa Kata, naomba daftari la mahudhurio ya leo lisifungwe. Wazazi wenye watoto hawa wabaki dakika chache, waandike kijiji na kitongoji, si jina la mtoto kama hawataki. Mwalimu wa sanaa achukue nakala. Nami nimekuja na mzigo wa karatasi za saruji zilizokwisha kukung'utwa, ziko pale mlangoni chini ya meza. Kila mmoja achukue kumi.